Kiambatisho cha Dakika Kumi na Tisa

Jumatatu, 4 Machi. Asubuhi manyunyu, baadaye jua hafifu.

Mdogo wangu Fyuzi,

Usishangae kuona hali ya hewa juu ya barua. Ndivyo ninavyoanza shajara yangu kila siku, na ndivyo ninavyoimaliza kwa kuandika saa niliyolala. Mkono umezoea, hauwezi kuanza vingine.

Naandika nikiwa ofisini, wenzangu wametoka kunywa chai. Ulituachia anwani hii ya barua pepe tu. Namba ya simu ulininyima, ukasema siku moja Baba ataninyang'anya simu mkononi aanze kukugombeza upya. Nimeliheshimu hilo miaka tisa. Lakini sasa Baba mwenyewe ana neno lake. Ijumaa niliazima kinasa sauti cha ofisi, kile tunachorekodia vikao, nikamwekea kwenye meza ya karakana kati ya koleo na marundo ya redio zisizo na wenyewe. Akakitazama, akasema, "Huyu mdudu anasikia kweli?" Nikamwambia anasikia hata miayo ya mwenyekiti. Akazungumza dakika kumi na tisa. Mimi nilikaa pembeni.

Nimekuambatishia hapa. Sikiliza ukiwa peke yako. Kuna swali ndani yake, na anataka jibu lako.

Baba hajambo. Anakusalimu.

Dada yako

*

4 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako imekuja mikono mitupu. Hakuna kiambatisho. Karani wa vikao, mwanamke anayepanga hata vijiko kwa urefu, amesahau kuambatisha! Usione aibu. Kazi yangu hapa ni hiyo hiyo, nashinda nikipokea simu za watu wazima wenye tai wanaoapa kwa mama zao kwamba wameambatisha.

Fanya hivi. Bonyeza alama ya kibanio cha karatasi, chagua faili, subiri mstari wa bluu ufike mwisho, halafu ndipo utume. Ukituma kabla mstari haujafika, unakuwa umetuma salamu tu.

Kuhusu swali la Mzee: kama ni yale ya redio ya kabati, mimi nilishayafunga. Mwambie mikono yangu, ambayo alisema ni ya kuvunjia kuni, inabonyeza vitufe siku nzima na hakuna kilichoungua.

Fyuzi

*

Jumatano, 6 Machi. Jua kali tangu saa moja.

Fyuzi,

Marahaba. Nimefuata maagizo yako na kila hatua nimeiandika.

Jana, mara ya kwanza niliambatisha ratiba ya kikao cha mabomba ya maji. Bahati niliiona kabla ya kutuma, vinginevyo ungejua mabomba yetu yote. Mara ya pili mstari wa bluu ulifika nusu ukagoma. Mara ya tatu ukagoma pale pale. Nikarudi nyumbani nimenuna.

Baba akaniuliza, "Umebadilisha nini?"

Nikasema nimebadilisha kompyuta, na waya wa intaneti, na jina la faili.

Akanijia juu kama alivyokuwa akikujia wewe. "Vitu vitatu kwa mpigo! Ikipona, utajuaje ilikuwa inaumwa wapi? Anza na waya. Waya tu. Halafu kaa, sikiliza."

Basi leo nimebadilisha waya tu. Nimehamia meza ya mkuu wa idara, ambako intaneti ina nguvu, nikamwambia nina kazi ya dharura, na wala sikudanganya. Saa nne na dakika arobaini mstari umefika mwisho. Kompyuta imeandika "Imetumwa".

Niambie kama limefika. Baba huniuliza mlangoni kabla sijavua viatu.

Dada yako

*

9 Machi

Dada,

Limefika, lakini halifunguki. Limeharibika njiani. Hutokea faili likiwa kubwa mno, linakuja kama gunia lililopasuka. Usinung'unike, si kosa lako.

Suluhisho ni kulipunguza. Kwenye kompyuta yako kuna programu ya kukata sauti, mwombe fundi wa ofisini akuonyeshe. Ondoa pasipo na maana, libaki dakika kumi au kumi na moja, hifadhi upya kwa jina jingine. Lile la kwanza lifute kabisa, kwenye kinasa na kwenye kompyuta, lisije likakuchanganya ukalituma tena.

Wala hakuna haraka. Huku kazi zimenibana.

Fyuzi

*

Ijumaa, 15 Machi. Mawingu, joto la kunata.

Fyuzi,

Imenichukua jioni nne. Nimelikata kama ninavyosafisha kumbukumbu za vikao: naacha maneno, naondoa yasiyo maneno. Kutoka dakika kumi na tisa limebaki dakika kumi na moja, na limenyooka, utafikiri anasoma taarifa ya habari. La kwanza nimelifuta kote kama ulivyoelekeza. Kumrekodi upya haiwezekani, amemchoka yule mdudu. Na siku hizi hashuki karakanani, anapenda kukaa kitandani karibu na dirisha.

Nimeliambatisha. Nimelitazama mara mbili, lipo, kibanio kinaonekana. Tafadhali, likifika lisikilize siku hiyo hiyo.

Dada yako

*

17 Machi

Dada, shikamoo.

Nimelisikiliza leo asubuhi, mlango nimefunga.

Sikujua kama angewahi kuitaja tena siku ile. Redio ya kabati ya yule mkunga, moshi ukitoka nyuma, wateja wamejaa mlangoni, na yeye ananinyooshea koleo: "Umegeuza waya wewe! Mikono yako ni ya kuvunjia kuni!" Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Wiki ile ile nikaondoka.

Na sasa anasema alikuwa akipanga madaftari yake ya zamani ya kazi, akakuta ukurasa wa redio ile, na kwenye mstari wa aliyelehemu nyaya kuna mwandiko wake mwenyewe na jina lake mwenyewe. "Nilikuwa mimi, mwanangu. Nawe ulikuwa umesimama hapo. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ulijua kwamba ni mimi?"

Nimelirudia swali hilo mara tano.

Lakini Mzee naye! Sauti bado ile ile, hakwami hata mara moja, dakika kumi na moja bila kuvuta pumzi. Huyo atatuzika sote. Nitamjibu, Dada, ila si kwa kurukia. Desemba nina likizo ndefu. Nitakuja nimjibu uso kwa uso. Mwambie hivyo.

Fyuzi

*

Jumatano, 20 Machi. Mvua kubwa, imekatika saa tatu.

Fyuzi,

Nimemwambia kuhusu Desemba. Alitabasamu, akageukia dirishani, akauliza sasa tuko mwezi gani.

Mdogo wangu, mjibu sasa. Si lazima iwe hotuba. Niandikie ndiyo au hapana, nami nitamsomea. Neno moja halihitaji likizo.

Dada yako

*

29 Machi

Dada,

Umeniandikia mara nne ndani ya siku tisa, na zote ni mjibu, mjibu, mjibu. Mtu amekaa na jambo miaka tisa, halafu mimi nikikaa nalo wiki mbili naonekana nina kiburi. Wewe siku zote ulikuwa upande wake. Siku ile ulikuwa mlangoni na hukusema kitu.

Ameniuliza kwa sauti, nitamjibu kwa sauti. Mtu mzima hajibiwi ndiyo au hapana kama fomu ya ofisini. Niacheni nipange maneno yangu.

Fyuzi

*

Jumanne, 2 Aprili. Ukungu, hakuna upepo.

Fyuzi,

Baba ni mgonjwa wa mapafu. Tangu Novemba. Aliniapisha nisikwambie, hakutaka uje kwa kumhurumia. Alfajiri hii daktari wa zamu amekuja nyumbani, akaniita nje ya chumba, kwenye korido, nami najua watu wanaitwa koridoni kuambiwa nini.

Bado ana akili zake zote. Mjibu leo. Chochote.

Dada

*

2 Aprili, saa nne asubuhi

Dada,

Kwa nini hukuniambia? Hapana, usinijibu hilo, hakuna muda.

Nimerekodi hivi sasa, dakika mbili tu. Sikupanga chochote. Nimeambatisha. Mwekee simu sikioni, usimwekee mbali, ongeza sauti. Mimi natoka sasa hivi kwenda kufuata tiketi na vibali. Foleni zake ni za kutwa nzima, sitaweza kuona barua mpaka kesho. Mwambie nakuja.

Fyuzi

*

2 Aprili, saa tano kasoro dakika tano

Fyuzi, hakuna kiambatisho. Barua imekuja peke yake. Nimefungua kwa simu, nimefungua kwa kompyuta ya jirani, nimezima nimewasha. Hakuna kibanio. Tuma tena, tafadhali. Ameshainuliwa, ameegemea mito, anasubiri.

Dada

*

2 Aprili, saa nane na nusu mchana

Fyuzi, bado. Uko wapi? Nimemwambia faili linasumbua kidogo. Anasema niangalie waya kwanza.

*

3 Aprili

Dada, Dada.

Nimerudi nikaona barua zako. Nimefungua kikasha changu cha zilizotumwa, na ni kweli. Faili lilikuwa limekaa kwenye kompyuta yangu, halijaguswa. Nilibonyeza kutuma tu. Mimi! Mimi ninayewacheka wenye tai!

Hili hapa. Nimeangalia mara tatu, lipo. Mwekee sasa hivi. Tiketi nimepata ya tarehe saba.

Fyuzi

*

Jumatano, 3 Aprili. Jua.

Fyuzi,

Limefika. Limefunguka bila shida.

Baba alifariki jana, saa kumi na dakika tano alasiri. Tunamzika kesho, watu wa mtaa hawataki kungoja.

Dada

*

11 Aprili

Dada,

Tiketi ya tarehe saba sikuitumia. Nilifika mpaka mlango wa kuondokea, nikaona watu wanakumbatiana, nikageuka. Ningekuja kuangalia nini? Nimekaa ndani tangu siku hiyo. Sasa nakuandikia jambo, na ukimaliza kulisoma unaweza kunifuta kwenye anwani zako.

Faili lako la kwanza halikuharibika. Lilifika salama tarehe sita Machi, saa nne na dakika arobaini na moja. Nililiona, nikaona jina ulilolipa, "Sauti ya Baba", nikaogopa kulifungua. Nilidhani nitasikia tena zile kuni. Kazini tukitaka kujipa muda, tunamwambia mteja faili limeharibika, limekuja vibaya, apunguze. Anakwenda kuhangaika, sisi tunapumua. Nikakufanya mteja, Dada. Nikakutuma ukate, nikakutuma ufute, ili nipate wiki moja ya kutosikia.

Jana nimelifungua. Dakika kumi na tisa. Anakohoa, Dada. Anakohoa kiasi kwamba kinasa sauti kinatikisika juu ya meza. Nimehesabu mara thelathini na moja. Kuna mahali anakohoa karibu dakika nzima, nasikia kiti chako kinasogea, nasikia maji yanamiminwa kwenye glasi. Mtu yeyote angesikia hivyo angeondoka siku hiyo hiyo bila hata begi.

Lile ulilonitumia baadaye halina kikohozi hata kimoja. Nililisikiliza nikasema huyo atatuzika sote. Sikuulizi kwa ubaya. Nataka kuelewa tu: vilikwenda wapi?

Faili la kwanza nimekuambatishia. Najua wewe ulilifuta, na aliyekwambia ulifute ni mimi. Nimeangalia mara nne. Lipo.

Fyuzi

*

Ijumaa, 12 Aprili. Asubuhi baridi kidogo, anga safi, umande kwenye madirisha.

Mdogo wangu,

Sikufuti. Vikohozi vilikwenda kwenye mkasi wangu.

Miaka kumi na saba nimeandika kumbukumbu za vikao. Nimefundishwa kwamba mtu akikohoa haiandikwi, akirudia neno haiandikwi, na yanayosemwa baada ya mwenyekiti kufunga kikao hayaandikwi kabisa. Uliponiambia niondoe pasipo na maana, nilijua cha kuondoa hata kabla sijawasha kompyuta. Na sitajificha nyuma ya kazi. Nilifurahi pia. Nilikuwa nimeapa kutosema kwamba anaumwa, na nikaona vile vikohozi vinasema. Nikavikata kimoja kimoja ili kiapo changu kikae sawa. Nilijivunia jinsi nilivyounganisha, hapasikiki mshono.

Leo nimekaa karakanani, kwenye kigoda chako, nikalifungua lile la kwanza. Nikasikiliza mpaka mwisho kabisa, mpaka pale anapomaliza kuongea nawe. Sijui kama ulifika hapo au ulizima. Anakuuliza lile swali, anakohoa, halafu ananigeukia mimi.

"Umezima?"

"Bado, Baba."

"Basi acha hivyo hivyo. Wewe nimekuapisha. Kikohozi sijakiapisha."

Na mimi nacheka. Unanisikia nikicheka.

Fyuzi, maneno hayo sikuyasahau. Niliyasikia siku anayasema, na nikayasikia tena wakati nakata. Nikawaza, haya ni ya baada ya kikao, nikayaondoa. Alikuwa amekutumia habari zake kwa njia pekee ambayo heshima yake ilimruhusu, nami niliyemshikia kinasa nikaikata njia hiyo kwa sababu haikuwa na maneno, na ilipokuwa na maneno, kwa sababu yalikuja nje ya ratiba. Wewe uliniambia uongo mmoja kwa woga. Mimi nilikuwa na ukweli mkononi, nikausafisha.

Kuna jingine, na hili hulijui. Tarehe mbili, ilipopita saa nane na nusu, alianza kuchoka. Akaniuliza, "Kijana amesemaje?" Nilitazama simu, hakuna kitu. Nikaona siwezi kumwacha aende bila jibu. Nikamwinamia, nikamwambia, "Amejibu, Baba. Anasema hakujua. Hakujua kabisa kwamba ni wewe." Nilidhani ndilo jibu lenye huruma, asijue kwamba ulibeba kosa lake kimya kimya miaka yote ile.

Akafumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akasema, taratibu, bila hasira, "Binti yangu, huyo ndiye aliyenishikia taa. Aliona kila waya. Nilitaka tu anisemee mwenyewe." Akanipapasa mkono kama vile mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. "Faili halijafika, siyo?"

Nikasema halijafika.

"Angalia waya kwanza," akasema. Sikumsikia akisema neno jingine baada ya hapo.

Nami kesho yake nikafungua faili lako. Kuna honi za magari nyuma ya sauti yako, na maneno ya kwanza ni haya: "Nilijua, Baba. Nilikuwa nimeshika taa." Dakika mbili zile ndizo alizokuwa akizingoja, neno kwa neno.

Siku ile ya moshi nilikuwa mlangoni, ni kweli. Taa niliiona mkononi mwako. Mtu aliyeshika taa kwa mikono miwili hawezi kugeuza waya, hilo hata mimi nisiyejua redio nilijua. Sikusema, kwa sababu wateja walikuwepo na yeye alikuwa baba. Kwa hiyo hata hapo nilikuwa karani yule yule.

Sikwambii tusameheane, ni neno kubwa na leo nimechoka. Nakwambia nilichofanya. Nimeweka nakala tatu za faili la kwanza: kwenye kompyuta, kwenye kinasa, na kwenye simu. Sikukata popote. Halafu nimechukua daftari lake la kazi, nikatafuta ukurasa wa redio ya mkunga, na chini ya mwandiko wake, pale panapoandikwa aliyeshika taa, pako wazi mpaka leo. Hapakuwahi kuandikwa mtu. Nimepaacha hivyo. Kalamu iko juu ya meza, na mlango wa karakana unafunguliwa na ufunguo ule ule.

Dada yako

Barua hii niliimaliza jana saa saba mchana, sikuituma. Nilirudi kwenye kigoda nikamsikiliza tena, nikamwacha akohoe. Tangu tarehe mbili nilikuwa naandika "sikulala" mwisho wa kila ukurasa. Sasa ni Jumamosi, tarehe kumi na tatu, na naongeza mstari huu kabla ya kuibonyeza: jana nililala saa tisa na dakika ishirini alasiri, kwenye kiti chake.